Msaada wakuu: G13 yenye 9 juu, vidole vinakaaje?

Kijana wa Pambio
Wakuu, habari za jioni. Napiga gita kwenye kundi la sifa kanisani. Miaka yote nimekuwa mtu wa kodi (chords, noti kadhaa kwa pamoja) za kawaida na bare zake, zile za kidole kimoja kulala nyuzi zote, sebene likiwaka napanda juu kwenye solo na hakuna anayelalamika. Sasa tumepata mpiga kinanda mpya, na huyu bwana hataki kabisa kusikia G7 kavu. Zile pambio za taratibu za ki ya C, kila tukitaka kurudi nyumbani, yaani C, yeye anapita Dm9, G13, halafu Cmaj9, na anataka na mimi nipite humo humo.

Dm9 na Cmaj9 zimekubali. Kesi ni hiyo G13. Mchoro nilioupata uko hivi (uzi wa 6 ni ule mnene, wa 1 ni ule mwembamba kabisa; freti ni vile vyuma vya shingoni):

uzi wa 6: freti ya 3
uzi wa 5: usilie
uzi wa 4: freti ya 3
uzi wa 3: freti ya 4
uzi wa 2: freti ya 5
uzi wa 1: freti ya 5

Vidole wameandika: shahada kwenye wa 6, cha kati kwenye wa 4, cha pete kwenye wa 3, halafu kidole kidogo kinalala kubana wa 2 na wa 1 kwa pamoja. Nikikilaza, uzi wa 1 unatoa "tk" badala ya sauti. Nikikikaza, cha pete kinanyanyuka na wa 3 nao unakufa. Na ule wa 5 ambao hautakiwi, huo ndio unalia vizuri kuliko wote!

Gita ni la umeme, nyuzi namba 10, vidole vyangu vifupi. Kuna namna nyingine ya kuishika hii kitu au niendelee kujitesa?

Chizi wa Rumba
Naweka kambi hapa, nasubiri magwiji.

Kapteni Tatu
Harusi ngapi nchi hii zimefungwa kwa G7? Mwambie mpiga kinanda wako apunguze mbwembwe. Waumini wanataka kuimba, hawajaja kusikiliza hesabu.

Nyuzi Sita
Kapteni, wewe nakuja kwako baadaye, G7 yako nina habari nayo.

Kijana, kabla ya vidole tuangalie kwanza umeshika nini. Ukijua kila noti inafanya kazi gani utajua ipi inaweza kufukuzwa na kodi ikabaki na jina lake.

Kodi ya 13 ikiandikwa yote ina noti saba: G, B, D, F, A, C, E, yaani ya 1, 3, 5, 7, 9, 11 na 13 ukihesabu kutoka G. Gita lina nyuzi sita na mkono wako una vidole vinne vya kubana. Kwa hiyo kwenye gita letu la nyuzi sita hakuna anayeipiga yote, sote tunachagua. B haiguswi, ndiyo inayosema hii ni meja. F haiguswi, ndiyo inayoivuta kodi irudi C. Ukiitoa F ukabaki na E, hiyo ni G6, haina tena ile hamu ya kurudi nyumbani. E ndiyo 13 yenyewe. C inatupwa mapema maana iko nusu toni (freti moja) na B na zitagombana. D haina kazi kubwa, kuwepo au kutokuwepo kwake hakubadilishi tabia ya kodi. A ni ile 9, utamu wa juu. G ni mali ya besi.

Mchoro wako una G, F, B, E, A. Ni chaguo zuri sana, sitaki uudharau. Ila kati ya hizo tano, za lazima ni tatu tu. Hapo ndipo mlango wako wa kutokea ulipo.

Namna za kuishika:

Ya kwanza ni hiyo ya mchoro. Ninavyokusoma, tatizo si urefu wa kidole. Uzi wa 1 unaangukia kwenye ule mkunjo wa kiungo cha kidole kidogo, pale ambapo hakuna nyama. Sogeza kidole mbele au nyuma kidogo tu mpaka uzi wa 2 uwe chini ya ncha na uzi wa 1 uwe chini ya tumbo la kidole, mkunjo usiguse uzi wowote. Halafu leta ule upande wa kiganja wenye kidole kidogo karibu na shingo ya gita. Watu wengi wanashika kiganja kimefunguka kuelekea kichwa cha gita, kidole kidogo kinakuja kutoka mbali, kimenyooka kama kinaomba ruhusa. Kiganja kikiwa sambamba na shingo kidole kinalala chenyewe na cha pete hakivutwi.

Ya pili, achana na uzi wa 1. Shahada wa 6, cha kati wa 4, cha pete wa 3, kidole kidogo kinasimama kwa ncha kwenye wa 2 freti ya 5. Tumbo la kidole kidogo liguse uzi wa 1 kidogo ili unyamaze. Una G, F, B, E. Hiyo ndiyo G13 ya kazi, inatosha kwa asilimia kubwa ya nyimbo.

Ya tatu ni ya gumba. Gumba linazunguka shingo kwa juu na kubana wa 6, halafu shahada wa 4, cha kati wa 3, cha pete wa 2, kidogo wa 1. Kila noti na kidole chake, hakuna cha kulaza. Kuna walimu wanaokataza gumba kama vile ni dhambi. Tal Farlow, mmoja wa wapiga gita wakubwa wa jazi wa Marekani, alikuwa na mikono mikubwa na alibana noti za chini kwa gumba bila aibu.

Sasa uzi wa 5. Usijaribu kuukwepa kwa mkono wa kulia, utachoka. Ncha ya kidole cha shahada ipite kidogo uzi wa 6 na iguse wa 5 bila kuukandamiza. Unaguswa tu, hautoi sauti. Ukitumia gumba, ncha ya gumba inafanya kazi hiyo hiyo. Wes Montgomery, mpiga gita mwingine wa jazi, alipiga oktava zake (noti ya chini na ile ile ya juu) kwa staili hiyo: uzi wa 6 na wa 4 zinalia, wa 5 katikati kimya, na yeye alikuwa akipiga kwa gumba la mkono wa kulia, halina jinsi ya kuruka uzi wa katikati. Kunyamazisha kote kulifanywa na mkono wa kushoto. Kwa hiyo jifunze oktava kwanza, G kwenye wa 6 freti ya 3 na G kwenye wa 4 freti ya 5, upige nyuzi zote tatu kwa nguvu usikie mbili tu. Ukiweza hapo, uzi wa 5 wa G13 hautakusumbua tena.

La mwisho kwa leo: usijifunzie kwenye freti ya 3. Shepu hiyo hiyo ipeleke freti ya 8, inakuwa C13 (8, kimya, 8, 9, 10, 10). Kwenye gita lenye urefu wa uzi wa milimita 648, ambao ni wa magita mengi ya umeme, kutoka freti ya 3 hadi ya 5 ni kama milimita 59. Kutoka ya 8 hadi ya 10 ni kama 44 au 45. Robo nzima ya umbali imeondoka na mkono haujajifunza chochote kipya. Ikikaa huko juu, shusha freti moja moja: B13, B-flati 13 (flati ni noti iliyoshushwa nusu toni), A13, A-flati 13, mpaka ufike G.

Kijana wa Pambio
Nyuzi Sita Mungu akubariki kaka. Hiyo ya freti ya 8 nimeijaribu sasa hivi, inalia! Uzi wa 1 umetoka safi. Nikifika A13 unaanza tena "tk", lakini naona mwanga.

Gumba limegoma. Nikilizungusha juu, kiganja kinaganda kwenye shingo na kidole kidogo hakifiki freti ya 5 kabisa.

Mpwani Asilia
Shikamoo wakubwa. Mimi niko Mombasa, napiga hotelini, gita la nyuzi za nailoni. Hapo kwa gumba tusidanganyane, inategemea shingo. Gita la kilasiki pale juu kwenye kimfupa cha nyuzi lina upana wa kama milimita 52, la umeme ni kama 42 au 43. Kwangu mimi gumba halifiki kamwe na sijawahi kulihitaji.

Wageni hapa wanapenda bosanova, ule muziki wa Brazil, na bosa imejaa hizi 13 kutoka mwanzo hadi mwisho. Lakini sisi hatukwaruzi nyuzi zote, tunazichomoa kwa vidole. Gumba la kulia linapiga uzi wa 6, vidole vitatu vinachomoa wa 4, wa 3 na wa 2. Uzi wa 5 hauguswi na mtu, kwa hivyo hata usiponyamazishwa haujali. Ndugu yangu wa pambio, zile nyimbo za taratibu jaribu kuchomoa. Kodi inatoka yote kwa mpigo mmoja, laini.

Mama Besi
Jamani mbona hakuna aliyeuliza kama kanisani kwao kuna besi?

Kijana, kundi lenu lina mpiga besi?

Kijana wa Pambio
Lipo dada. Besi, dramu, kinanda, na mimi.

Mama Besi
Basi hiyo G uliyoibana kwenye uzi wa 6 ni yangu, niachie. Nasema kama mpiga besi: mkono wa kushoto wa kinanda uko chini, mimi niko chini, na wewe unashuka na G yako chini, pale kwenye spika inatoka ngurumo tu na hakuna anayesikia kodi. Toa uzi wa 6. Toa na wa 5. Bakia na nne za juu:

uzi wa 4: freti ya 3
uzi wa 3: freti ya 4
uzi wa 2: freti ya 5
uzi wa 1: freti ya 5

Shahada, kati, pete, kidogo. Vidole vinne, nyuzi nne, hakuna gumba, hakuna kulaza, hakuna uzi wa kunyamazisha katikati. Ni F, B, E, A. Mimi nikipiga G chini, mkutano mzima unasikia G13 yenye 9, ile ile uliyokuwa unaisumbukia.

Freddie Green, mpiga gita, alikaa kwenye okestra ya jazi ya Count Basie kuanzia 1937 hadi alipofariki 1987, anapiga rithimu tu, na kodi zake zilikuwa za noti tatu, mara nyingi hata chini ya hapo. Okestra nzima ya matarumbeta na masaksafoni, na bado gita linasikika, kwa sababu halikugombania nafasi ya mtu.

Nyuzi Sita
Mama Besi umemaliza. Na niongeze kitu hapo ambacho kitampa raha mpiga kinanda wake. Hizo noti nne, F, B, E, A, usizisogeze hata kidogo. Mwambie mpiga besi apige D-flati badala ya G. Ghafla umeshika D-flati 7 yenye 5 iliyopandishwa na 9 iliyopandishwa. F imekuwa 3 yake, B imekuwa 7 yake, E ndiyo ile 9 kali, A ndiyo 5 iliyopandishwa. Halafu besi inashuka nusu toni tu kutoka D-flati kwenda C. Mkono wako haujafanya lolote na wimbo umegeuka rangi.

Inatokea kwa sababu G na D-flati ziko mbali kwa toni tatu kamili, na G7 na D-flati 7 zinagawana noti zile zile mbili za lazima, B na F, zimebadilishana tu nani ni 3 nani ni 7.

Chizi wa Rumba
Hapo kwenye D-flati nimesimama nikazunguka chumba.

Kapteni Tatu
Mimi swali langu bado liko pale pale. Morogoro Jazz, Tabora Jazz, NUTA Jazz, wote hao jazi na hakuna hata mmoja aliyempigia mtu 13. Mbaraka Mwinshehe alihitaji 13?

Nyuzi Sita
Kapteni, jina "jazz" kwenye bendi za dansi lilimaanisha bendi ya kisasa yenye magita na matarumbeta. O.K. Jazz ya Léopoldville (Kinshasa ya leo) ilianzishwa 1956, na muziki wao ulikuwa rumba. Huku kwetu ikawa hivyo hivyo. Ule muziki umejengwa kwa magita yanayosukana, solo, rithimu, la pili, besi, kila mmoja na mstari wake mwembamba. Ukiingiza kodi ya noti tano mle ndani unaziba kila mtu. Mbaraka hakuhitaji 13 kwa sababu wimbo wake haukuiita. Pambio la taratibu lenye kinanda cha aina hiyo linaiita. Ni mambo mawili.

Ila sasa nakuja kwenye G7 yako kama nilivyoahidi. Shika G7 ya bare, ile ya kila siku: shahada kalala freti ya 3 nyuzi zote, cha pete uzi wa 5 freti ya 5, cha kati uzi wa 3 freti ya 4. Kidole kidogo chako kinafanya nini muda huo?

Kapteni Tatu
Kimepumzika.

Nyuzi Sita
Kiamshe. Kidondoshe kwenye uzi wa 2, freti ya 5.

Kapteni Tatu
...

Sawa. Nimesikia. Yaani ndiyo hiyo?

Nyuzi Sita
Ndiyo hiyo. 3, 5, 3, 4, 5, 3. G, D, F, B, E, G. Haina 9, ina D ambayo siyo ya lazima, lakini ni G13 halali kabisa na hata uzi wa 5 sasa umepata kazi. Kwa mtu mwenye bare imara hii ndiyo njia fupi kuliko zote.

Kapteni Tatu
Tamu kweli. Lakini harusini bado napiga G7.

Fundi wa Nyuzi
Mimi kazi yangu ni kutengeneza magita, naona mnambebesha kijana mzigo wa vidole wakati huenda gita lenyewe ndilo tatizo. "Tk" kwenye uzi wa 1 mara nyingi ni nyuzi kukaa juu mno. Chukua rula yenye milimita, pima pale freti ya 12 kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi. Gita la umeme likiwa kama milimita moja na nusu upande mwembamba na mbili upande mnene, linakuwa laini. Magita mengi ninayopokea yanakuja na tatu na zaidi. Hapo hata mwenye mikono ya chuma atalalamika akilaza kidole kidogo.

Pima na kule juu kwenye kimfupa karibu na kichwa. Kama mifereji yake haijachimbwa vya kutosha, freti za kwanza kwanza zote zinakuwa ngumu, halafu ukipanda freti ya 8 unaona raha. Kijana kasema mwenyewe freti ya 8 inalia na ya 3 hailii. Umbali wa freti unachangia, kweli, lakini mimi ningeanza na kile kimfupa. Usikiguse mwenyewe kwa msasa, ukikata zaidi ya inavyotakiwa uzi unaanza kugonga freti ya kwanza na hapo ni kubadilisha kipande kizima.

Kijana wa Pambio
Fundi, nimepima. Freti ya 12 uzi wa 6 ni milimita tatu kasoro kidogo. Nitalipeleka.

Dada Besi, zile noti nne za juu nimezipiga na mpiga besi wetu mazoezini. Mpiga kinanda amegeuka kuniangalia, hajasema kitu, lakini amegeuka! Swali jipya: nikitoka Dm9 kwenda huko nachelewa. Dm9 nashika uzi wa 5 freti ya 5 kwa cha kati, wa 4 freti ya 3 kwa shahada, wa 3 freti ya 5 kwa cha pete, wa 2 freti ya 5 kwa kidogo. Nikifika G13 nanyanyua mkono mzima na kupanga upya.

Nyuzi Sita
Hapo ndipo nilipotaka ufike, maana swali la "G13 vidole vinakaaje" halina jibu mpaka useme unatoka wapi na unaenda wapi. Mchoro unakuonyesha kodi imesimama peke yake, na kwenye wimbo haisimami peke yake hata mara moja.

Tazama noti. Dm9 yako ni D, F, C, E. G13 ya nyuzi nne za juu ni F, B, E, A. F iko uzi wa 4 freti ya 3 kwenye kodi zote mbili. E iko uzi wa 2 freti ya 5 kwenye zote mbili. Kwa nini unazinyanyua? Kinachobadilika cha maana ni C kwenye uzi wa 3 kushuka nusu toni kuwa B, freti ya 5 kwenda ya 4. Huo mshuko mmoja ndio sikio linaufuata. A ya juu ni nyongeza.

Kwa hiyo: shahada haitoki uzi wa 4. Kidole kidogo hakitoki uzi wa 2. Cha pete kinanyanyuka. Cha kati kinaruka kutoka uzi wa 5 kwenda uzi wa 3 freti ya 4. Umepata F, B, E, na kodi tayari ni G13, besi ikiwepo. Ukiitaka A, badilisha taratibu: cha pete kiingie uzi wa 2 na kidogo kihamie uzi wa 1, au kidogo kilale kubana zote mbili kama umeshaizoea. Kwenye mwendo wa haraka iache A, hakuna atakayekudai.

Kama unapiga peke yako bila besi, tumia bare kamili ya Kapteni. D ya uzi wa 5 freti ya 5 ipo pia kwenye G13 ile, kwa hiyo noti tatu zinabaki mahali pake: D, F, E. Siri yake ni kuilaza shahada freti ya 3 tangu ukiwa kwenye Dm9, hata kama wakati huo uzi wa 4 tu ndio unaouhitaji. D ibane na cha pete tangu mwanzo, na C na E zibanwe na kidole kidogo kilicholala. Muda wa kubadilisha ukifika kidole kidogo kinasimama kwa ncha kwenye uzi wa 2 na cha kati kinatua uzi wa 3 freti ya 4. Basi, bare ilishakuwepo inasubiri.

Kutoka hapo kwenda Cmaj9 (uzi wa 5 freti ya 3, wa 4 freti ya 2, wa 3 freti ya 4, wa 2 freti ya 3): B ya uzi wa 3 haitoki. F inashuka nusu toni kuwa E. E ya juu inashuka kuwa D. Kidole ndicho kitakachobadilika kwenye B, kutoka cha kati kwenda kidogo, na hapo lazima mkono wote usogee freti moja nyuma. Huo ndio mchepuko pekee mgumu wa safari nzima. Ufanyie mazoezi peke yake, G13 kwenda Cmaj9 na kurudi, polepole kiasi kwamba B isikatike.

Mpiga Kinanda Mstaafu
Naomba kusema kwa niaba ya upande wa vinanda, kwa sababu tunasemwa. Kijana, muulize mwenzako anaweka wapi 9 na 13. Mkono wangu wa kushoto kwenye G13 ni F, A, B, E, yaani noti zile zile alizokupa Mama Besi ila zimebanwa karibu karibu. Tukizipiga wote wawili kwenye oktava moja, kwa mapigo tofauti, inakuwa matope. Mkubaliane. Yeye akishika kodi nzima ndefu, wewe piga F na B tu, nyuzi mbili, kwa mapigo mafupi. Yeye akitaka kucheza melodia, hapo wewe ndiyo ushike nne zote. Makundi mengi ya sifa yanasikika mazito kwa sababu kila mtu anajithibitisha kwenye kila kodi.

Mama Besi
Amina kubwa. Na dramu nao wasikie.

Mpwani Asilia
Jambo moja dogo kabla hatujasahau. Shepu hizi za kidole kidogo zikikuuma kwenye kifundo cha mkono au vidole vikaanza kufa ganzi, weka gita chini siku hiyo. Misuli kuchoka ni kawaida, ganzi si kawaida. Na kifundo kisikunjwe sana mbele. Ukiona kimepinda kama ndoano, inua shingo ya gita juu kidogo au fupisha mkanda. Django Reinhardt, mpiga gita maarufu wa jazi, aliungua mkono wa kushoto kwenye moto mwaka 1928, akabaki na vidole viwili vya kukimbilia solo, na vile viwili vilivyoharibika akawa anavitumia kubana nyuzi za juu kwenye kodi. Alitafuta shepu zinazoufaa mkono wake, hakulazimisha mkono ufae shepu. Wewe una vidole vyote, tafuta zako.

Kijana wa Pambio
Nashukuru sana. Gita limerudi kutoka kwa fundi, lilikuwa juu kweli, na kimfupa kimechimbwa. Sasa hata ile ya mchoro ya mwanzo, kidole kidogo kikilala, inalia mara nyingi kuliko inavyokufa. Lakini kanisani natumia ya Mama Besi.

Jamaa wa kinanda kaja na nyingine tena: G13 yenye flati 9. Hiyo nayo?

Nyuzi Sita
Ni ile ile, A inashuka nusu toni kuwa A-flati. Uzi wa 1 kutoka freti ya 5 kuja ya 4. Nyuzi nne za juu: 3, 4, 5, 4. Shahada wa 4, cha kati wa 3, kidogo wa 2, cha pete wa 1. Angalia hapo, cha pete na kidogo vimebadilishana nafasi, ndiyo maana wengi wanajikwaa. Kidole kidogo kikunje kisimame wima kabisa, kikilala hata kiasi tu kinaua uzi wa 1.

Ukiipata, isogeze freti tatu juu shepu nzima: 6, 7, 8, 7. Halafu tatu tena, 9, 10, 11, 10. Mwambie mpiga besi abaki G muda wote, na mwangalie mpiga kinanda.

Chizi wa Rumba
Freti tatu tatu na bado ni kodi ya G? Kwa nini?

Nyuzi Sita
Kwa sababu hizo B, F na A-flati za kwenye G7 yenye flati 9 ni sehemu ya kodi ya dimi (diminished, noti zilizopishana nusu toni tatu tatu), na dimi hujirudia kila baada ya nusu toni tatu. Ukisogeza unapata noti za dimi ile ile kwa mpangilio mwingine, na ile noti ya nne, iliyokuwa 13, inageuka kila kituo. Ya freti ya 6 inakupa A-flati, D, G, B. Ya freti ya 9 inakupa B, F, B-flati, D. Hiyo B-flati ndiyo yenye makali zaidi kwa sababu B iko pale pale nayo, kwa hiyo ipite haraka, usikae. Freti ya 6 unaweza kukaa kidogo. Kisha shuka Cmaj9.